Mwamba wa Nguma

Kwa miaka tisa Mwidani alivua kwenye mwamba asioujua ulipo.

Alikuwa akitoka na Nguma, wawili hao peke yao, katika ngalawa ya Nguma, kutoka ufuo wa Timbwani kule Likoni. Walipita mlango wa matumbawe, pale mawimbi yanapoacha nafasi, wakashika bahari ya nje. Wakishafika mbali, hata watu wa ufuoni hawaonekani tena ila nyumba na minazi, Nguma aliyeshika usukani alisema neno moja tu: "Geuka." Na Mwidani, mtu mzima mwenye mke na wana, aligeuka akaipa pwani mgongo, akakaa akitazama maji matupu mpaka aambiwe atie nanga.

Bahari haina njia wala kibao. Mvuvi anayetaka kurudi mahali pale pale hutazama nchi kavu. Hutafuta vitu viwili, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, akavipanga mpaka vikae mstari mmoja. Kisha hutafuta vingine viwili upande mwengine. Pale mistari miwili inapokutana ndipo chini ya ngalawa yake pana mwamba, na kwenye mwamba pana tewa na changu. Akisogea kidogo tu, anavua mchangani, na mchangani hamna kitu. Alama hizo ndizo Nguma alizozificha. Wavuvi wengine wakimfuata, alishusha mishipi popote na kukaa hapo hata wachoke waende zao.

Wake za watu walimwuliza mke wa Mwidani mumewe anavumiliaje kufanywa mtoto. Mwidani mwenyewe hakuona hivyo, au alijizoeza asione. Samaki waligawanywa sawa kwa sawa. Alipoumwa homa mwezi mzima, fungu lake lilifika mlangoni kila siku. "Nguma ana kichaa kimoja tu," alikuwa akisema. "Wengine wana saba."

Mwaka wa sitini na moja, siku chache baada ya Idi, Nguma aliinama kufunga kikoi chake akaanguka. Walipomwinua, upande wake wa kulia ulikuwa umepooza na mdomo umekwenda upande. Akapelekwa hospitali, akakaa huko majuma matatu, akarudishwa nyumbani kwa feri akiwa amelazwa juu ya mkokoteni. Hakuwa na neno hata moja. Alipojaribu kusema ilitoka sauti tu, naye mwenyewe aliisikia, akafumba mdomo na asijaribu tena.

Mkewe aliitwa Kafedha. Hawakujaliwa watoto. Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa miguu, na kwa miaka ishirini alikuwa akienda matumbaweni kila bamvua, maji yanapokupwa sana, kuwinda pweza kwa mchokoo wa chuma. Sasa pweza wale ndio waliokuwa mboga ya nyumba. Alimwosha mumewe, akamlisha uji, akamgeuza kitandani, akatoka kwenda matumbaweni, akarudi. Alizungumza naye mwanzoni. Kisha, kwa kuwa hakujibiwa, akawa anamfanyia kazi zake kimya kimya kama mtu anayetandika kitanda.

Mwidani naye aliendelea kutoka na ngalawa, maana Kafedha alimwambia asiiache ioze. Aliutafuta mwamba ule kwa miezi miwili. Alijua wakati wa kwenda, alijua chambo, alijua mpaka harufu ya nanga inapopanda na majani ya chini. Alichokijua zaidi ya vyote ni maji matupu ya upande wa matlai, kunakochomoza jua, na hayo hayana alama. Alikuwa akirudi na vijisamaki vya kuonea haya.

"Shemeji, nisamehe," alimwambia Kafedha siku moja, akimpa vitano vilivyotungwa kwenye ukindu. "Miaka tisa. Ningegeuza shingo mara moja tu, mara moja, leo tungekula."

"Kwa nini hukugeuza?"

Mwidani alifikiri. "Alikuwa ameniambia nisigeuze," akasema.

Jirani yao wa chumba cha pili alikuwa Milcah, mwanamke wa bara aliyekuwa akifanya kazi zahanati, kufunga vidonda na kugawa dawa. Kiswahili chake kilikuwa cha moja kwa moja, bila mapambo, na mwanzoni Kafedha alimdhania mkali. Jioni ile Milcah aliingia kumtazama mgonjwa. Akakaa kwenye kigoda akimtazama, akahama upande wa pili wa kitanda, akamtazama tena.

"Mama," akasema, "wewe unafikiri huyu amepotea akili?"

Kafedha alirekebisha shuka la mgonjwa.

"Macho yake yananifuata. Nikikaa huku yanakuja huku. Ulimi ndio umelala. Huyu mtu yuko ndani. Mwulize kitu cha ndiyo na hapana. Ndiyo afumbe macho. Hapana ayaache wazi."

Kafedha aliinama karibu na uso wa mumewe. "Nguma," akasema, "mimi ni Kafedha?"

Nguma akafumba macho. Kisha akayafumbua, na machozi yakatiririka mpaka masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali.

Kafedha alimshika mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, asiuachie kwa muda mrefu. Milcah alitoka polepole na kurudisha mlango.

Usiku ule Kafedha hakuuliza habari ya mwamba. Alimwomba radhi kwa siku zote alizomfanya kama kitu, akamsimulia ya mtaa: nani ameoa, nani kahamia Mtongwe, wazee wa ufuoni wanavyogombana juu ya Uhuru na Mwambao, kama pwani ijitenge au isijitenge, mpaka kahawa inapoa. Nguma alisikiliza. Kwenye habari ya kahawa upande wa kushoto wa mdomo wake uliinuka kidogo.

Siku chache baadaye, bamvua ilipofika, Kafedha alikuwa matumbaweni kwenye jiwe lake. Lilikuwa jiwe kubwa lenye umbo la kobe, na chini yake palikuwa na shimo lisilokosa pweza. Aliinua kichwa kupumzisha mgongo, akatazama mlango wa matumbawe, na bahari ya nje ikiwa imetulia nyuma yake. Hapo akakumbuka jambo alilokuwa akiliona miaka yote bila kulipa maana. Akiwa amesimama pale, tanga la Nguma lilikuwa likienda, likienda, kisha likashuka. Na kila liliposhuka, lilishuka katikati ya mlango ule ule. Wala si kushoto kwake, wala si kulia.

Alisimama mgongo wima. Akageuka kuelekea pwani kuona kuna nini nyuma yake. Palikuwa na nyumba nyeupe ya Mzungu mmoja mstaafu, na jiwe, na yeye, na mlango wa matumbawe, vyote vimekaa mstari mmoja kama shanga kwenye uzi.

Alikimbia. Watoto waliokuwa wakiokota kome walimcheka, mwanamke mzima anakimbia juu ya matumbawe na kanga mkononi.

"Nina mstari mmoja," alimwambia Mwidani alipomkuta akiziba ufa wa ngalawa. "Wa pili sina."

Mwidani aliacha kazi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akachora kwa kidole mchangani, akafuta, akachora tena. "Mmoja unatosha," akasema. "Tukishika mmoja, tunaufuata kwenda nje tukitia bildi njia nzima, mpaka chini ipande. Mwamba ni lazima upande."

Bildi ilikuwa kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba yenye mafundo, fundo moja kwa kila pima. Chini yake Mwidani alipaka shahamu, ili risasi ikigusa chini irudi na kilichopo: mchanga, matope, au mkwaruzo wa jiwe. Kafedha akasimika mti mrefu kwenye jiwe la kobe na kufunga kanga nyekundu juu yake, ionekane hata maji yakijaa.

Asubuhi iliyofuata Mwidani alitoka peke yake. Aliweka kanga nyekundu mbele ya nyumba nyeupe na kwenda hivyo hivyo, akishusha na kupandisha. Pima ishirini, mchanga. Pima ishirini na nne, mchanga. Ishirini na mbili. Kisha kumi na nne, na shahamu ikarudi imekwaruzwa. Akatia nanga. Adhuhuri alirudi na changu kumi na wawili, wa ukubwa wa kiganja, akiimba toka mlangoni mwa matumbawe.

Kafedha aliwapika kwa nazi, akamchambulia mumewe mnofu, akampelekea kijiko mdomoni. "Wa mwambani kwako," akamwambia kwa furaha. "Tumeupata."

Nguma alimtazama samaki kwenye sahani. Alimtazama mkewe. Akafunga mdomo, na kwa mkono wa kushoto akagonga ubao wa kitanda, mara moja, mara mbili, mara nyingi.

"Hutaki?" Macho yalibaki wazi. Akaendelea kugonga.

"Umeudhika tumeutafuta?"

Macho wazi. Yalimkodolea hasa.

Kafedha aliweka sahani chini. Aliangalia samaki, akaangalia mifupa yao midogo, akafikiri. Wale walioletwa na Nguma miaka yote walikuwa wakubwa. Tewa mmoja aliweza kujaza karai.

"Si wenyewe," akasema polepole. "Ule si mwamba wako."

Nguma akafumba macho, akashusha pumzi.

"Mstari ni ule?"

Akafumba.

"Ni mbele zaidi?"

Akafumba. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu aanguke. Akauinua mkono wa kushoto, akaonyesha mlango, na nje ya mlango, upande wa bahari. Akaurudisha mkono juu ya kifua chake mwenyewe.

Mwidani alikataa kumchukua. "Shemeji, huyu atanifia majini. Nitawaambia nini watu?"

"Mwambie yeye kwamba humchukui," Kafedha alisema. "Mimi siwezi."

Mwidani aliingia chumbani akasimama mbele ya rafiki yake. Alikuwa hajakaa naye sawasawa tangu ugonjwa. Alikuwa akija, akisalimu ukuta, akiondoka. Sasa alimtazama machoni. Alirudi nje na kumwambia Kafedha, "Tutafute godoro."

Walingoja maji yawe shwari. Milcah alitoa mto na kuwaonya jua lisimpige kichwani. Vijana wanne walimbeba Nguma kwa machela ya turubai mpaka ufuoni, na wazee wakaacha kidogo habari za Mwambao kutazama. Mmoja alinung'unika kwamba mwanamke haendi bahari ya nje. Kafedha alimwamkia "shikamoo" kwa adabu zote, akapandisha kanga, akaingia ngalawani. Kulikuwa na mtu gani mwengine wa kuyasoma macho ya mumewe?

Nguma alilazwa akielekea pwani, mgongo wake ukiegemea mto. Mwidani alishika usukani. Walipita mlango wa matumbawe kwa upepo mdogo sana, na Kafedha kwa mara ya kwanza maishani mwake akaiona Likoni kutoka nje. Hakujua kuwa ni ndogo hivyo. Aliona meli zimepanga foleni kungoja kuingia Kilindini, aliona vilima vya Shimba vikikaa buluu nyuma ya kila kitu, akaona kanga yake nyekundu juu ya mti, na chini yake jiwe la kobe kama doa.

"Nilipokuwa pale," alimwuliza mumewe, "ulikuwa ukiniona?"

Nguma akafumba macho, akayaacha yamefumba muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Walifika pima kumi na nne, kwenye mwamba alioupata Mwidani, wakaupita. Bildi ikashuka tena: ishirini, ishirini na tano, ishirini na nane, mchanga mtupu. Mwidani alianza kutia shaka. Ndipo Nguma akagonga ubao wa ngalawa kwa mkono wake. Alikuwa akiitazama pwani kama mtu asomaye barua.

Mwidani aliposikia kugonga kule, mikono yake yenyewe ilimwachia Kafedha usukani. Alisogea mbele, akageuka, akaipa pwani mgongo na kukaa akitazama maji. Hakufikiri. Miaka tisa ilimgeuza.

Nguma aligonga kwa nguvu. Mwidani hakugeuka. Akagonga tena, na sauti ikamtoka, ile sauti mbaya aliyoionea haya, tena kubwa, ikapita juu ya maji.

"Mwidani," Kafedha alisema, "anakwita wewe. Anataka utazame."

Mwidani aligeuka taratibu. Nguma aliuinua mkono kuelekea kusini, kwenye ncha ya ufuo, mahali paliposimama mti mmoja mrefu wa mvumo, peke yake. Kisha akaonyesha mbali, vilima vya Shimba, pale palipo na bonde kama kiti. Akaviunganisha vidole viwili: kidole cha shahada na cha kati, vikagusana.

"Mvumo uingie kitini," Mwidani alisema. "Uingie katikati ya kiti."

Nguma akafumba macho.

Mvumo ulikuwa bado nje ya bonde, kama mtu anayekaribia kukaa. Mwidani alichukua usukani, wakasogea mbele polepole, kanga nyekundu juu ya nyumba nyeupe upande huu, mvumo ukitembea upande ule, mpaka ukaingia bondeni na kutulia. Kafedha ndiye aliyetupa bildi. Kamba ilimpita viganjani, akahesabu mafundo kwa sauti, naye alitarajia yafike ishirini na nane. Yalikoma kumi na nane. Aliipandisha risasi, shahamu ilikuwa imechubuka, na ndani yake kumenasa kijipande cha tumbawe la rangi ya waridi.

Alimwonyesha Nguma. Nguma alikitazama, akaelekeza macho kwenye nanga.

Samaki wa kwanza aliuvuta mshipi wa Mwidani hata ukamkata kidole. Alikuwa tewa, mdomo kama mlango wa mfuko, madoa ya kahawia ubavuni. Wa pili alikuwa kungu mwekundu. Kafedha hakuwa amewahi kuvua kwa mshipi. Alipewa mmoja, akaunasa mwamba mara mbili, mara ya tatu akapandisha tewa wake mwenyewe kwa mayowe yaliyomfanya Mwidani acheke mpaka akakaa chini. Nguma hakucheka. Alikuwa ameegemea mto, kitambaa cha maji kichwani, anapokea jua na kutazama mishipi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliye kazini.

Tangu siku ile walimchukua kila bahari ilipokubali. Si kwa sababu ya alama. Mwidani alizishika siku ya kwanza na hakuzisahau. Walimchukua kwa kuwa alirudi nyumbani akila vizuri na kulala vizuri. Akajua kushika mshipi kwa mkono wa kushoto, akiuzungusha kidoleni na kumwashiria mkewe auvute. Nyumba ilipata samaki tena, na mlango wa Milcah haukukosa fungu.

Maneno yalirudi kwa shida, mwaka wa pili, moja moja. La kwanza lilikuwa "maji." La pili lilikuwa "basi," na alilitumia kwa kila kitu. Ilipofika miezi ya mwisho kabla ya Uhuru, vijana wakichora bendera kwenye kuta za feri, aliweza kupanga matatu manne kama akiyachagua kwa uangalifu, na alikuwa mvumilivu nayo kuliko alivyowahi kuwa na binadamu yeyote.

Siku moja, wakiwa wametia nanga pale pale na samaki bado hawajaanza kula, Mwidani alikuwa akikatakata ngisi wa chambo. Alisema bila kuinua kichwa, "Nguma, nikuulize neno. Kama hutaki, usijibu."

"Uliza."

"Kwa nini uliniambia nigeuke? Miaka yote ile. Ulidhani ningekuja kuiba?"

Nguma aliyatafuta maneno. Kafedha alitaka kumsaidia, kisha akajizuia.

"Ungejua," Nguma akasema, "ungenunua yako. Ngalawa." Akapumua. "Mimi ningebaki."

Mwidani aliacha kisu. Alitazama maji kwa kitambo, kama zamani, ila mara hii hakuna aliyemwambia.

"Ningekwenda wapi, wewe mtu?" akasema hatimaye. "Ningekwenda wapi?"

"Sikujua," Nguma alisema.

Mshipi wa Kafedha ulistuka. Aliukaza, ukastuka tena, akasimama na miguu yake mirefu kila upande wa ngalawa. "Acheni maneno," akasema, "nishikieni huku, mkubwa huyu." Mwidani akaruka kumshika kiuno cha kanga, na Nguma, kwa mkono wake wa kushoto, akaivuta kamba ya mshipi iliyolegea miguuni mwa mkewe na kuikunja vizuri kando, duara juu ya duara, isimtege.